Sorbitoli: Utamu Usio wa Sukari na Matumizi Yake Salama

Katika lebo za dawa nyingi za maji, chingamu, peremende na dawa za meno, neno sorbitoli huandikwa kwa herufi ndogo, mwishoni mwa orodha ya viambato. Mgonjwa wa kisukari hulisoma kwa matumaini, mzazi hulipita bila kulitazama, na mtoa huduma za afya aghalabu huichukulia kuwa ni kionjo tu. Hata hivyo, kiambato hiki kina nguvu ya kutenda kazi mwilini. Usalama wake hutegemea majibu ya maswali matatu: kinatumika kwa kiasi gani, anakitumia nani, na je, kilichomo chomboni ndicho kilichoandikwa kwenye lebo?

Asili na tabia zake

Sorbitoli ni mojawapo ya alkoholi za sukari, kundi lenye pia zailitoli, manitoli na maltitoli. Neno alkoholi hapa ni la kikemia tu. Sorbitoli haina ethanoli wala hailevyi. Mwaka 1872 mkemia Mfaransa Joseph Boussingault aliitenga kutoka katika matunda ya mti wa jamii ya Sorbus, na jina lake limetokana na mti huo. Kwa asili imo katika matofaa, mapeasi na plamu. Viwandani hutengenezwa kwa kuunganisha glukosi itokanayo na wanga pamoja na haidrojeni. Katika lebo za vyakula huweza kutambulishwa kwa alama E420.

Ikiwa kavu, sorbitoli ni unga mweupe usio na harufu, unaoyeyuka upesi katika maji. Utamu wake ni takriban asilimia 60 ya utamu wa sukari ya mezani, na gramu moja hutoa kilokalori 2.6 hivi, ilhali sukari hutoa 4. Inapoyeyuka hunyonya joto, ndiyo sababu ulimi huhisi ubaridi. Aidha, huvuta unyevu kutoka hewani. Tabia hiyo huifanya dawa ya meno isikauke, lakini pia huufanya unga ulioachwa wazi ugandamane. Bakteria wa kinywani huichachua polepole mno kuliko sukari, hivyo haichangii sana kuoza kwa meno.

Safari yake mwilini

Utumbo mwembamba hufyonza sorbitoli polepole na kwa sehemu tu. Inayobaki huvuta maji ndani ya utumbo, kisha hufika katika utumbo mpana ambako bakteria huichachua na kutoa gesi. Kwa watu wazima wengi, gramu 10 hivi kwa mara moja zaweza kulijaza tumbo gesi, na zaidi ya gramu 20 zaweza kuleta msokoto na kuhara. Kwa sababu hiyo hiyo sorbitoli hutumika kama dawa ya kulainisha choo.

Mwaka 2008 madaktari wa Berlin, Ujerumani, walichapisha taarifa za wagonjwa wawili waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu na kupungua uzito, mmoja kilo 11 na mwingine kilo 22. Uchunguzi mwingi ulifanyika bila kupata chanzo. Hatimaye walipoulizwa walichokuwa wakitafuna, ilibainika kwamba kila mmoja alipata takriban gramu 20 hadi 30 za sorbitoli kwa siku kutoka katika chingamu na peremende. Walipoacha, kuharisha kulikoma na uzito ukaanza kurejea.

Sehemu inayofyonzwa huenda kwenye ini na kugeuzwa kuwa fruktosi. Hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini mgonjwa wa kisukari anapaswa kuihesabu katika chakula chake. Wapo wanaohofia kwamba sorbitoli ya kwenye chakula huleta mtoto wa jicho. Hofu hiyo imetokana na jambo jingine: glukosi inapokuwa nyingi katika damu, lenzi ya jicho yenyewe hugeuza sehemu ya glukosi hiyo kuwa sorbitoli, nayo hukusanyika humo. Kinga yake ni kudhibiti sukari ya damu.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Kundi la kwanza ni watoto wadogo. Miongozo ya Ulaya kuhusu viambato vya dawa hutaja miligramu 140 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kuwa kiasi ambacho chaweza kusumbua tumbo au kulegeza choo. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni gramu 1.4 tu. Tuchukue mfano wa dawa ya maji yenye gramu 1 ya sorbitoli katika kila mililita 5: akinywa kijiko kimoja cha mililita 5 mara tatu, mtoto huyo amepata gramu 3 kwa siku. Akiharisha, ni rahisi kuilaumu antibaiotiki au maambukizi.

Kundi la pili ni wagonjwa wanaolishwa kwa mpira unaopitia puani. Mara nyingi dawa zao hubadilishwa kuwa za maji, na kila moja yaweza kuwa na sorbitoli yake. Kabla ya kupunguza chakula cha mgonjwa anayeharisha, muuguzi na mfamasia wajumlishe sorbitoli ya dawa zote za siku nzima.

Kundi la tatu ni wenye tatizo la kurithi la kutovumilia fruktosi. Tatizo hili ni adimu, lakini kwao sorbitoli yaweza kushusha sukari ya damu kwa hatari na kudhuru ini na figo, hasa ikitiwa kwenye mshipa. Mtoto anayetapika, kutoka jasho na kulegea kila anapopewa matunda au vitu vitamu achunguzwe kwa jicho hilo.

Kundi la nne ni watoto wanaotumia lamivudini ya maji kwa ajili ya VVU. Katika utafiti wa watu wazima, lamivudini iliyonywewa pamoja na gramu 3.2, 10.2 na 13.4 za sorbitoli ilipungua katika damu kwa asilimia 14, 32 na 36, kwa mfuatano huo. Katika utafiti wa ARROW uliofanyika Uganda na Zimbabwe, watoto waliotumia dawa za maji walifubaza virusi kwa kiwango cha chini kuliko waliotumia vidonge, na usugu wa virusi ulijitokeza zaidi kwao. Pale vidonge vinapopatikana na mtoto anaviweza, vipewe kipaumbele. Pasipowezekana, wingi wa virusi ufuatiliwe kwa karibu zaidi.

Vilevile, dawa ya kupunguza potasiamu iitwayo sodiamu polistaireni salfoneti haipendekezwi kutolewa pamoja na sorbitoli, kwa kuwa kumeripotiwa kuoza kwa sehemu ya utumbo kwa wagonjwa waliopewa zote mbili.

Je, kweli ni sorbitoli?

Unga mweupe haujitambulishi kwa macho. Mwaka 2012, katika mji wa Barletta nchini Italia, mwanamke mmoja alifariki na wengine wawili wakaugua baada ya kunywa unga ulionunuliwa kwa njia ya intaneti kama sorbitoli, kwa ajili ya kipimo cha kutovumilia vyakula. Unga huo ulikuwa na sodiamu nitriti, kemikali inayoizuia himoglobini kubeba oksijeni. Mgonjwa anayegeuka rangi ya bluu midomoni ghafla baada ya kunywa unga wa aina hiyo, huku oksijeni ikishindwa kumrudisha katika hali yake, afikiriwe sumu hiyo mara moja. Dawa yake ni methilini bluu.

Sorbitoli ya maji nayo ina hatari yake. Pamoja na gliserini na propilini glikoli, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya viambato vinavyopaswa kupimwa kama vimechanganyika na daiethilini glikoli au ethilini glikoli, sumu zinazoua figo. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 walifariki nchini Gambia katika mkasa uliohusishwa na dawa za maji zenye sumu hizo. Mtoto anayeacha kukojoa siku chache baada ya kunywa dawa ya maji apelekwe hospitalini bila kuchelewa, na chupa yake iambatane naye.

Kuhifadhi na kupima

Sorbitoli ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa vizuri, mahali pakavu, pasipo jua kali, ikiwa na lebo yake ya awali na namba ya toleo. Isihamishiwe katika chupa ya soda wala kopo lisilo na jina. Unga ukimwagika ufagiliwe polepole ili vumbi lisitimke, mbali na moto, kwa kuwa vumbi lake likitanda hewani laweza kuwaka. Ukiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi.

Wafamasia wanaochanganya dawa wakumbuke kwamba mchanganyiko wa asilimia 70 kwa uzito una takriban gramu 0.9 za sorbitoli katika kila mililita. Katika baridi waweza kufanya chembechembe; dawa ya aina hiyo isitolewe kabla ya mfamasia kuikagua, kwa sababu dozi yake yaweza kutokuwa sawa kijiko kwa kijiko.

Mgonjwa naye anunue dawa katika duka lililosajiliwa, apime kwa kijiko au kikombe kilichokuja na dawa, na amweleze mhudumu peremende na chingamu anazotumia. Akiharisha, anywe maji yenye ORS na asiache dawa ya VVU wala ya kifafa kwa hiari yake mwenyewe. Arudi kituoni ili ibadilishwe kwa utaratibu. Madhara yanayotiliwa shaka yaripotiwe kwa mamlaka ya dawa, ambayo kwa Tanzania Bara ni TMDA, pamoja na namba ya toleo. Namba hiyo ndogo pembeni mwa chupa ndiyo huwezesha dawa yenye kasoro kuondolewa madukani kabla haijamfikia mtoto mwingine.