Fahamu: Baiskeli za changarawe na vilima vya Nkwenda

Mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda kilima cha Nkwenda, wilayani Kyerwa, hahitaji kuelezwa barabara ya vumbi ni nini. Ila sasa duniani kuna watu wanaoitafuta kwa makusudi.

Mchezo huo ni mbio za baiskeli kwenye changarawe. Usukani umepinda chini kama wa baiskeli za lami, lakini tairi ni nene, mara nyingi milimita 40 hivi, na hazijazwi upepo mwingi. Tairi laini kidogo hulalia kokoto badala ya kurukaruka juu yake, hivyo hushika njia. Gia zake ni nyepesi sana, za kupandia. Karia ya kubebea mzigo haipo, na hapo ndipo mtu wa Nkwenda angeuliza: sasa inafaa nini?

Juni 2021, Migration Gravel Race ilianza Maasai Mara, Kenya: takriban kilomita 650 kwa siku 4, katikati ya malisho ya ng'ombe. Mkenya Suleiman Kangangi, mmoja wa nyota wa mbio hizi, alifariki kwa ajali mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Yale hayakuwa ya changarawe. Kyerwa imepakana na Rwanda, Mto Kagera ukiwa katikati. Vilima ni vilevile, vumbi ndilo limebaki huku.