Kinanda, kodi na 'apejieta': Tumuachie nani jina?

Kijana wa Kiptere, Kaunti ya Kericho, akinunua kibodi ya MIDI ili atunge wimbo wa Kikipsigis, huenda akakuta juu yake kitufe chenye herufi ARP. Je, tukiiteje kwa Kiswahili?

Neno 'apejieta' asili yake ni Kiitaliano: *arpeggiare*, yaani kupiga kinubi. Nyuzi za kinubi hudonolewa mmoja baada ya mwingine, na ndivyo kitufe hicho kifanyavyo. Shikilia noti tatu pamoja, tuseme C, E na G (wapiga gitaa huziita kodi, si ile ya serikali!). Mtambo huzitenganisha na kuzipiga mojamoja bila kukoma: kwa kupanda, kushuka, au kubahatisha, utakavyochagua. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, utasikia noti nane kila sekunde.

Ila pana mtego. Kibodi ya aina hii aghalabu haina sauti yake. Hutuma maagizo tu kwa kompyuta. Kasi yake isipofungamanishwa na ya programu ya kurekodia, ngoma zitaelekea Kericho, noti zielekee Bomet.

Tuje kwenye istilahi. Pwani, 'kinanda' kilikuwa ala ya nyuzi. Baadaye jina likahamia kwa ogani na piano, ala za kubonyeza. Waswahili hawakubuni neno jipya, walilipanua la zamani. Apejieta basi inakirudisha kinanda nyuzini.

Hata Wakipsigis kitendo hiki si kigeni kwao. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet nyimbo za 'Chemirocha', zinazosindikizwa na chepkong'o, ala yao ya nyuzi. Tega sikio: chini ya waimbaji, vidole vinarudia mfuatano uleule mfupi wa noti.

Pendekezo langu ni hili: mtambo ubaki 'apejieta', kama redio ilivyobaki redio, lakini kitendo tukiite 'kudonoa kodi'. Tofauti si ndogo. Mwanafunzi anayeambiwa "bonyeza ARP" amejua kitufe. Anayeambiwa "idonoe hiyo kodi" ameujua muziki wenyewe, na hata stima ikipotea, vidole vyake vitaendelea na kazi kwenye gitaa au chepkong'o.