Upungufu wa Vitamini D na Sonona kwa Wenye Kisukari cha Aina ya Pili: Uhusiano Usiothibitisha Usababishi

Sonona huwapata watu wenye kisukari takribani mara mbili zaidi ya wasio nacho. Katika kutafuta sababu, watafiti kadhaa wamegeukia vitamini D, kwa kuwa vipokezi vyake vimo katika ubongo na katika seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Tafiti nyingi zilizowapima watu mara moja tu zimeonesha kuwa wenye kiwango cha chini katika damu huwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Kutokana na hilo hutolewa ushauri wa kuwagawia wagonjwa vidonge. Ushauri huo umeutangulia ushahidi.

Mtu mwenye sonona hujifungia ndani, hivyo ngozi yake hukosa jua, ambalo ndilo chanzo kikuu cha vitamini hii. Unene, unaoandamana mara nyingi na kisukari cha aina ya pili, nao hushusha kiwango chake katika damu, kwani vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili. Upungufu basi waweza kuwa matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake. Tena, hojaji ya PHQ-9 huuliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mgonjwa ambaye sukari yake imepanda huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na hushinda amechoka. Alama zake zaweza kupanda hata kama hana sonona.

Jaribio kubwa la VITAL lililofanyika Marekani lilihusisha katika kipengele cha sonona watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Baadhi walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa zaidi ya miaka mitano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonesha kuwa vitamini hiyo hukinga sonona. Ni kweli kwamba washiriki hawakuteuliwa kwa sababu ya kisukari, na wengi hawakuwa na upungufu. Kwa hiyo suala la wagonjwa wenye upungufu mkubwa bado liko wazi.

Katika Afrika Mashariki, utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 kinachotumiwa sana kama mpaka wa upungufu. Wastani huo wa watu wanaoishi juani hauwezi kukadiriwa kuwa wa karani wa Kampala au mfanyabiashara wa Bujumbura anayeshinda dukani.

Kwa mpangaji wa bajeti, kipimo cha vitamini D huhitaji maabara na vitendanishi. PHQ-9, ambayo imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, huhitaji karatasi na dakika chache za muuguzi. Iwapo fedha za vipimo vya damu zipo, vitamini B12 ina hoja yenye nguvu zaidi: metformini, dawa ya kwanza ya wengi wa wagonjwa hawa, hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu wake huleta uchovu, ganzi na hata sonona.