Shule ya Chefoo

Zamani wamisionari wa Kizungu waliokaa mbali bara ya Uchina walikuwa na shida moja: watoto wao wasomeshwe wapi? Kuwapeleka Ulaya kwa meli kulikuwa ni kuachana nao miaka mingi. Basi katika mwaka 1881 misheni ya Hudson Taylor ilifungua shule Chefoo, mji wa pwani ambao sasa huitwa Yantai. Hata hivyo safari ya kutoka bara ilichukua majuma, na watoto wengi waliwaona wazazi wao kwa nadra. Nadhani jambo hilo lilikuwa zito kuliko masomo yote.

Desemba 1941, Wajapani walipoingia vitani na Waingereza na Wamarekani, askari wao waliishika shule. Mwaka uliofuata watoto na walimu walitolewa, na katika mwaka 1943 wakapelekwa kambi ya Weihsien, ambamo watu 1,500 hivi walifungiwa ndani ya kuta. Chakula kilikuwa haba. Maziwa ya kuimarisha mifupa hayakutosha. Kwa hiyo maganda ya mayai yalisagwa, kila mtoto akapewa kijiko cha unga wake aumeze. Ilikuwa kama kumeza mchanga! Lakini masomo hayakukoma, na wanafunzi wakubwa walifanya mitihani humo humo kambini.

Tarehe 17 Agosti 1945 ndege ilionekana juu, na askari saba wa jeshi la Marekani wakashuka kwa miavuli. Watu walitoka mbio langoni kuwalaki, wala walinzi hawakuwazuia. Baadhi ya watoto walipofikishwa kwa wazazi wao, ilikuwa imepita miaka zaidi ya mitano.