Picha za Sumaku na Uvimbe wa Gegedu Katika Mfupa

Katika sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Meru, maji ya asili yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hiyo, itokayo katika miamba ya volkano, hutia meno madoa ya kahawia, na ikinywewa kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kwa hiyo, kijana wa Kaloleni mjini Arusha akiota nundu ngumu karibu na goti, huenda jamaa zake wakayalaumu maji, na wengine wakahofu saratani. Aghalabu si hili wala lile.

Floraidi huathiri mifupa mingi kwa pamoja. Nundu moja ya namna hiyo kwa kawaida ni osteokondroma, yaani mfupa uliochomoza ukavikwa kofia ya gegedu. Uvimbe huu si saratani, nao hukua pamoja na mtoto, kisha husimama kimo chake kinapokoma kuongezeka. Aina nyingine, enkondroma, hukaa ndani ya mfupa, hasa mifupa midogo ya vidole vya mkono.

Eksirei huonyesha mfupa vizuri kwa sababu madini ya kalisi yaliyomo huizuia miali. Gegedu lisilo na kalisi huipitisha, hivyo kofia ile haionekani. Kwa ajili hiyo hutumika kipimo cha MRI, ambacho hutafuta maji. Katika kila gramu 100 za gegedu, gramu 65 hadi 80 ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu hiyo ni mfano wa sumaku ndogo mno.

Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku kubwa, aghalabu ya tesla 1.5, ambayo nguvu zake ni zaidi ya mara 30,000 ya zile za sumaku ya dunia. Mawimbi ya redio, yenye mitetemo ipatayo milioni 64 kwa sekunde, huviyumbisha viini. Mawimbi yakikatwa, viini hurudia hali yake vikitoa ishara hafifu. Ili kujua ishara imetoka wapi, nguvu za sumaku hubadilishwa kidogo kutoka mahali hadi mahali, kisha kompyuta huchora picha. Paul Lauterbur alilichapisha wazo hilo mwaka 1973, na Peter Mansfield akaliendeleza. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Katika aina mojawapo ya picha hizo, gegedu lenye maji mengi hung'aa, na unene wa kofia hupimika. Kwa mtu mzima, kofia inayozidi sentimita 2 hutia shaka ya saratani. Iliyo nyembamba hutuliza hofu, na huenda upasuaji usihitajike. Kwa mtoto anayekua, kofia nene yaweza kuwa ya kawaida.

Si kila nundu inayohitaji MRI. Mara nyingi uchunguzi wa daktari na eksirei hutosha. Nundu iliyo pekee hugeuka saratani kwa takribani mtu 1 kati ya 100. Lakini nundu inayozidi kukua baada ya mtu kukoma kurefuka, au inayoanza kuuma bila sababu, yapasa ipelekwe hospitali bila kukawia.