Ndugu yako yuko Kariakoo na anasikia sauti: yanayomsaidia mtu kuishi na skizofrenia

Simu ya namna hii huwa inaingia kijijini usiku. Mpigaji ni rafiki wa kijana wenu anayebeba mizigo Kariakoo. "Shikamoo mama. Mwenzetu hayuko sawa. Siku ya tatu leo halali. Anasema watu wa dukani wanamteta, na anajibizana na mtu ambaye sisi hatumwoni." Nyumbani maswali yanaanza. Karogwa? Kavuta bangi? Tumtumie nauli arudi kesho?

Msikilizaji wetu, inawezekana hizo ni dalili za skizofrenia. Huu ni ugonjwa unaovuruga namna ubongo unavyopokea na kupanga mambo. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwamba anafuatiliwa, maneno yake hukosa mpangilio, na wengine hujitenga kabisa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, takriban mtu 1 kati ya 300 duniani alikuwa nao. Mara nyingi huanza ujanani, umri uleule ambao vijana wengi hupanda basi kwenda mjini kutafuta maisha. Ndiyo maana nyumbani husemwa kwamba mji umemharibu.

Mji peke yake hauleti skizofrenia. Lakini msongo wa mawazo unaweza kuamsha dalili zilizokuwa zimetulia, na Kariakoo msongo upo wa kutosha. Pita Mtaa wa Kongo mchana: spika za wauzaji zinarudia bei ileile tangu asubuhi, mikokoteni inaomba njia, bodaboda zinapiga honi. Katikati ya kelele hizo, mwenzetu anasikia na sauti nyingine inayomtukana. Ongeza kodi ya chumba, deni, na kulala saa chache.

Dawa ndiyo msingi

Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha tofauti kubwa. Ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa ulirudi kwa wagonjwa 27 katika kila 100 walioendelea na dawa. Kwa walioachishwa, ulirudi kwa 64 katika kila 100.

Kwa nini basi watu huacha? Wengine wanajiona wamepona. Wengine dawa inawatetemesha, inakaza misuli au inawalaza, na kuli anayesinzia alfajiri hapati mzigo. Dawa ya tatizo hilo ni kumweleza daktari ukweli. Anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa au kupanga saa nyingine ya kumeza. Kwa anayesahau vidonge, ipo sindano inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi.

Mbinu za kila siku

Hata kwa anayetumia dawa vizuri, sauti zinaweza kubaki. Wenzetu wanaoishi na ugonjwa huu wana mbinu zao. Wapo wanaovaa visikilizio na kuweka muziki au kaswida. Wapo wanaoimba kwa sauti ya chini, wanaosali, au wanaoshika kazi ya mikono mpaka sauti ipungue. Wapo wanaoweka simu sikioni wanapotaka kuijibu ile sauti. Kariakoo kila mtu anaongea na simu, hakuna atakayegeuka kuwashangaa.

Vilevile wengi hujifunza kuzijua dalili zao za mwanzo: usingizi unakata, chakula hakipiti, kila anayecheka anaonekana kumcheka yeye. Hapo ndipo pa kupunguza kazi, kutoka kwenye kelele, kulala mapema na kwenda kliniki kabla mambo hayajaharibika. Bangi huongeza dalili, hata kama anayevuta anahisi inamtuliza.

Nyumbani mna kazi gani?

Kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianzisha mpango unaoitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Waliujaribu Muhimbili na katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kwa wagonjwa 66, kila mmoja na ndugu yake. Mgonjwa na ndugu wanakaa pamoja na familia nyingine, wanajifunza ugonjwa huu na kutatua matatizo kwa zamu.

Nanyi mnaweza kufanya hivyo. Chagueni tatizo moja, kwa mfano nauli ya kliniki. Kila mtu atoe wazo, naye mgonjwa atoe lake. Pimeni faida na ugumu wa kila wazo, chagueni moja, kisha wiki ijayo mwulizane limefikia wapi.

Lugha nayo ni sehemu ya tiba. Lawama za kila siku, matusi na kuitwa chizi huongeza msongo, na msongo huurudisha ugonjwa. Usibishane naye kuhusu sauti, wala usijifanye unazisikia. Mwambie: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa. Tufanyeje upate kulala?" Kumfunga kamba au kumfungia chumbani kunamwongezea hofu. Dua na maombi havigombani na dawa, alimradi dawa isiachwe.

Msisubiri asubuhi

Mpelekeni hospitali mara moja akisema anataka kufa, kama sauti zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu, akiacha kula na kunywa, au akipata homa kali huku mwili umekakamaa wakati anatumia dawa.

Kwa hiyo simu ile ikiingia, usianze na nauli ya kumrudisha. Mwombe rafiki asimwache peke yake na ampeleke hospitali iliyo karibu, wakianzia hata kituo cha afya. Kama tayari yuko kijijini, anzeni na kituo chenu cha afya au hospitali ya wilaya. Kisha mwombe akupe ndugu yako kwenye simu, umsikilize.