Umbo la Pirite, Mwili wa Kutu

Lubutu iko kaskazini mwa Maniema, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Bukavu. Upande wa mashariki inapakana na Walikale, yaliko machimbo ya Bisie, maarufu kwa kasiteriti, yaani madini ya bati. Katika nchi ya namna hii swali si jiwe linapendeza kiasi gani, bali ni jiwe gani. Kasiteriti ni nyeusi, koltani nyeusi, wolframaiti nyeusi, na turmalini isiyo na soko nayo nyeusi.

Kiganja huamua mengi. Kasiteriti ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, turmalini mara 3 tu. Wolframaiti ndiyo msumbufu, maana uzito wake nao unazidi mara 7. Basi jiwe lisuguliwe kwenye kigae kisichong'arishwa: kasiteriti huacha unga mweupe au kahawia hafifu, wolframaiti unga wa kahawia iliyokolea au mweusi. Wolframaiti hukwaruzwa na kisu, kasiteriti haikwaruziki.

Umbo ndilo shahidi wa kuogopwa. Pirite, madini ya chuma na salfa, huota vipande vya pembe nne vilivyonyooka kama dadu. Maji na hewa vikiifikia, salfa huondoka, chuma hugeuka kutu ya kahawia, na umbo hubaki vilevile. Wataalamu huliita jiwe la namna hii sudomofi. Ukilisugua, unga ni wa manjano-kahawia, ilhali wa pirite ni mweusi wenye ukijani.

Msiwacheke wachimbaji wanaodanganywa na umbo. Katika karne ya 19, fuwele nyeusi kutoka Japani zilidhaniwa madini mapya, zikapewa jina la reinaiti kwa heshima ya Profesa Rein wa Ujerumani. Kumbe ni ferberiti, jamaa ya wolframaiti, iliyokalia umbo la madini mengine, shelaiti. Mfano wa namna hiyo umepatikana pia Nyamulilo, Kigezi, nchini Uganda. Shelaiti halisi hung'aa buluu chini ya taa ya miale ya urujuanimno ya mawimbi mafupi. Ferberiti hubaki giza.

Maniema yenyewe ina jiwe lake: antoinaiti, iliyoelezwa mwaka 1947 kutoka mlima Misobo, Kalima, na kupewa jina la mhandisi Mbelgiji Raymond Anthoine. Ni nyeupe, ya ungaunga, haina fuwele za kutazamika. Kwa macho ni udongo wa kutupwa, lakini ndani yake kuna tungsteni, metali ileile inayotafutwa kwenye wolframaiti.